Korongo Limejaa 😂😂😂

Kama umewahi kutumiwa ile video ya mzee anavuka korongo na sanduku kichwani, suruali imekunjwa mpaka magotini, halafu ghafla anazama maji yanamfika shingoni lakini sanduku limebaki juu kama bendera ya shule, kisha anaibuka mguu mmoja una kiatu mwingine hauna, usihangaike kuuliza huyo ni nani. Ni mimi. Baba Nyemo, mpogoaji wa mizabibu, Makutupora. Najua wengine mmeicheka mpaka bando likaisha, na wengine mmeiweka kwenye status (mke wangu aliiweka siku tatu mfululizo, na tunalala kitanda kimoja), kwa hiyo nimeona bora niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Naanzia kwenye simu.

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nilikuwa nakwenda siku za uji tu. Kusoma nasoma, lakini kama mtu anayetembea pekupeku kwenye miiba, herufi moja, napumzika, herufi nyingine, naangalia nilikotoka. Sasa binti yangu Nyemo, yeye anashona nguo pale Majengo karibu na soko, akaninunulia simu ya kupangusa, akaniingiza wasapu, na huko wasapu ndiko nilikogundua kwamba Mungu ametukumbuka na sisi tusiokwenda shule, kwa sababu nilikuta visura! Vile vya njano. Kuna cha kucheka, cha kulia, cha kununa, kuna kimoja kama mtu amedaiwa. Unabonyeza tu, mwenzako kule ameelewa. Nikasema kumbe mwandiko wangu mimi ulikuwepo siku zote, ulichelewa tu kufika.

Basi, Nyemo akapata mchumba. Kijana anaitwa Maganga, fundi magari, mpole, wazazi wake wanaishi Kongwa lakini asili yao Tabora. Wanyamwezi. Na hapo ndipo nyoka alipolala, kwa sababu sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, wao walikuwa wanapita hapa kwetu wamebeba mizigo ya watu kichwani kwenda Pwani, kiu imewakausha ndimi, na maji yako kwetu, kwa hiyo wanaomba. Mpaka leo ukimkuta Mnyamwezi unamwita mpagazi, na yeye anakwambia Mgogo wewe ni ombaomba, utaomba mpaka mbinguni, na hakuna wa kukasirika, ukikasirika wewe ndiye mgonjwa. Mimi mwenyewe nimewahi kulala ndani ya kaburi la Mnyamwezi kabla hajazikwa, nikakataa kutoka mpaka wanipe jogoo, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Huo ndio utani. Lakini siku ile walikuwa wananiona. Wanaona meno, wanaona macho, wanaona ninavyojinyoosha mle kaburini kama nimefika gesti.

Mke wangu alinionya mapema. Alikuwa anachambua mlenda, hata hakuinua uso.

"Baba Nyemo, yule Mzee Mihayo, baba yake Maganga, usimtanie."

"Mnyamwezi yule, Mama Nyemo. Ameandikwa kutaniwa."

"Alikuwa mtani. Sasa ni mkwe. Mkwe hataniwi, mkwe anaheshimiwa."

"Na akiwa vyote viwili?"

"Basi subiri aanze yeye. Mdomo ni wako, ila harusi ni ya mwanao."

Nikamwambia sawa. (Nikisema sawa kwa mke wangu maana yake nimesikia sauti, si kwamba nimesikia maneno.)

Likaundwa grupu, familia mbili pamoja. Mzee Mihayo akaandika ujumbe wa heshima kama tangazo la serikali, shikamooni wakubwa, poleni na kazi, tunaomba ridhaa yenu tuje kuleta posa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niliusoma ujumbe ule kwa muda ambao maharage makavu yangeiva. Halafu nikakaa chini ya mzabibu, nikaandika kwa kidole gumba, herufi kwa herufi, jibu langu:

"Njoni ila mizigo mbebe kichwani kama babu zenu. Maji mtaomba."

Nikatia simu mfukoni. Nilipogoa mstari mzima wa zabibu nacheka peke yangu, nikikumbuka lile neno la maji nacheka upya, mpaka wenzangu wakadhani nimeonja divai ya kituo cha utafiti wa zabibu.

Jioni naangalia, kimya. Kesho yake asubuhi, kimya. Mchana ikaingia sentensi moja tu, na hiyo niliisoma haraka kuliko zote maishani: Mama Maganga ameondoka.

Mama mzazi wa bwana harusi! Ametoka kwenye grupu! Hata hajatukana, ameondoka tu kama mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi.

Nyemo alikuja na bodaboda kutoka mjini, mita ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Kwetu mtoto anaanza na shikamoo hata nyumba ikiungua, naye alitoa, lakini ile shikamoo ilikuwa na meno.

"Shikamoo baba. Umewaandikia nini wakwe?"

"Marahaba mwanangu. Utani tu."

"Utani uko wapi hapa?" Akanisogezea simu puani. "Nionyeshe. Wewe unaona utani kwa sababu ulikuwa unacheka wakati unaandika. Mama Maganga hakuona kicheko chako, ameona maneno. Ameona baba wa binti anawaambia ni wapagazi na maji hatawapa."

"Lakini Mnyamwezi na Mgogo..."

"Baba. Ukinivurugia hii, mimi hapa sirudi tena. Nitaolewa bomani, na picha utaziona kwenye simu."

Jamani, mtoto mmoja ninaye. Nikanywea kama puto.

Akakaa, akanifundisha. Akasema baba, ukitania, mwisho wa maneno weka kisura hiki kinachocheka mpaka kinatoa machozi, weka hata vitatu, hapo mtu anajua unatania, hakasiriki. Akawawekea vitatu kwa niaba yangu, akaandika "Baba anasema ni utani wa Kigogo, anawakaribisha kwa mikono miwili", na kweli bwana, haikupita muda Mzee Mihayo akarudisha vicheko sita na maneno: "Nilijua tu! Ombaomba wewe, tutakuja na maji yetu!" Mama Maganga akarudishwa kwenye grupu. Yeye hakucheka. Aliweka dole gumba. Moja.

Sasa hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nilijiambia hivi, kumbe kisura hiki ni sabuni! Neno lolote chafu ukilipaka hiki linatakata. Basi kuanzia leo, mimi na kisura hiki hatuachani, kila ninachoandika nakiweka, nikosee nisikosee, nitakuwa salama. Ndiyo kosa lenyewe hilo. Mengine yote yalijiviringisha tu kutoka hapo.

Na mwanzoni ilifanya kazi kweli. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, kuna saruji ililetwa ya zahanati, ikaingia kwake kwa ajili ya ulinzi, ikalindwa vizuri sana mpaka haikuonekana tena, na kwake kukaota baraza jipya. Miezi kitongoji kizima tunanong'ona. Mimi nikamwandikia kwenye grupu la kitongoji, mbele ya watu: "Mwenyekiti umeiba saruji 😂😂😂". Akajibu: "😂😂😂 Baba Nyemo una vituko!" Watu wote wakacheka, mpaka muuguzi wa zahanati akacheka. Tulicheka kama wiki mbili hivi. Saruji haikurudi. (Baadaye nimekuja kufikiri sana juu ya kicheko kile, lakini siku ile nilijiona shujaa, na yeye mwenyekiti alinipenda zaidi, siku hizo ndipo aliponiazima viatu vyake vyeusi vya kuvaa siku ya posa.)

Kulikuwa na dalili, siwezi kusema hapakuwa na dalili. Siku moja tumbo lilinishika, lile la kuhama nyumba na kuhamia msalani, nikamwandikia msimamizi wetu wa shamba: "Leo siji tumbo linaniua 😂😂😂". Nusu saa pikipiki yake hii hapa nyuma ya choo.

"Baba Nyemo! Toka, acha utani, watu wanapogoa!"

"Naumwa bosi!"

"Mgonjwa gani anacheka?"

Hakuondoka mpaka aliposikia kwa masikio yake ushahidi ambao siwezi kuueleza hapa. Mtu mwenye akili angejifunza. Mimi niliona yule msimamizi ndiye hana akili.

Ikafika Jumamosi ya posa. Nyumba imefagiwa mpaka udongo umepauka, mashangazi wamejaa, Nyemo amefungiwa ndani kama ilivyo desturi, asionekane mpaka aitwe, na simu yake amenyang'anywa na shangazi zake asije akajipiga picha akatangulia kuonekana. Mbuzi amechinjwa. Jua linawaka, anga jeupe kama shuka la hospitali. Mimi nikashuka korongoni kunawa miguu ili nivae viatu vya mwenyekiti.

Nikakuta mto.

Nyie wa mjini hamjui makorongo yetu. Miezi yote ni mchanga mtupu, malori ya mchanga yanaingia na kutoka kuchimba mchanga wa kujengea maghorofa ya makao makuu, mbuzi wanalala humo. Halafu inanyesha huko juu vilimani ambako wewe hata huoni wingu, na maji yanakuja na miti na magunia na kandambili za watu. Kwetu hakuna daraja. (Tuliahidiwa na mwenyekiti, siku za kuomba kura. Aliyeahidi alivuka kiangazi.) Korongo lilikuwa limejaa ukingo kwa ukingo, rangi ya chai ya maziwa, na wakwe zangu wako njiani kutoka Kongwa na gari mbili.

Mtandao kwetu unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Nikapanda. Nikaandika ujumbe mrefu kuliko yote niliyowahi kuandika:

"Wakwe msije leo. Korongo limejaa. Gari haipiti. Njoni Jumatatu 😂😂😂"

Kidole kilikwenda chenyewe, jamani. Naapa sikukituma. Ni kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

Majibu yakaja kwa mkupuo. Mzee Mihayo: "😂😂😂 Mgogo bwana! Ameona wageni wengi, ameogopa ubwabwa kuisha!" Mjomba wa Maganga: "😂😂😂 Hilo korongo lina mchanga tangu nizaliwe!" Nikaandika: "Ni kweli 😂". Nikaona haijatosha, nikaongeza: "Naapa kwa Mungu 😂😂". Nikapiga picha ya korongo, lakini gumba langu likachukua nusu ya picha, nusu iliyobaki ni maji tu, hakuna ukingo. Mzee Mihayo akajibu: "Hiyo chai yako umemwaga mezani 😂😂😂".

Mtasema, si ungepiga simu? Nilipiga! Akapokea, ndani ya gari kelele na nyimbo, akaniweka kwenye spika watu wote wanisikie. Sasa mimi nina ugonjwa, na mke wangu shahidi, nikiogopa nacheka. Siyo kwa furaha, kicheko kinanitoka tu kama kwikwi. Nikasema, "Mkwe, he he, korongo, he he he, litawachukua!" Gari zima likaangua kicheko. Nikasikia sauti ya Mama Maganga peke yake haicheki, anasema, "Huyu baba anatucheka tena." Halafu mtandao ukakata, na kichuguu nacho kikameguka, nikateremka kwa makalio mpaka chini.

Nikavaa viatu vya mwenyekiti, nikaenda kusimama ukingoni. Kwa saa mbili nzima nimesimama. Maji yalikuwa yanapungua, ukweli lazima usemwe, yalishafika magotini, pengine kiunoni, lakini chini pale ni tope linalomeza mtu na historia yake. Nikaona vumbi upande wa pili. Gari ya mbele Noah, ya nyuma pikapu imebeba mizigo. Nikaanza kupunga mikono yote miwili, naruka, napiga kelele, "Rudiniii! Simameniii!"

Ndani ya Noah wakaona baba mkwe anacheza ngoma ya kuwakaribisha. Wakapiga vigelegele. Dereva, kwa heshima ya ngoma yangu, akapiga honi, akaingia.

Katikati kabisa ya korongo Noah ikafanya kama inapiga magoti. Ikazima. Pikapu nyuma yake ikafunga breki, ikateleza taratibu, ikaja kuibusu. Na vigelegele vikakatika, vyote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa.

Mlango ukafunguliwa, Mzee Mihayo akachungulia na suti yake, akayaona maji yanaingia kumpokea.

"Mtani! Mbona hukusema?"

"Nilisema, mkwe!"

"Ulicheka!"

"Nilisema huku nacheka!"

"Sasa mtu akisema huku anacheka, sisi tushike lipi?"

Na mimi, mbele ya wakwe waliokwama, hofu imenijaa mpaka kooni, unadhani nilifanya nini? Nikacheka. He he he. Korongo lote likarudisha mwangwi.

Hapo ndipo Mama Maganga alipozungumza. Yeye alikuwa kiti cha nyuma, amevaa kitenge kipya, miguu ameipandisha juu ya kiti, amepakata sanduku jekundu. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na vitenge vya mama wa binti, na blanketi la bibi, na zawadi za Nyemo. Hakupandisha sauti.

"Baba Maganga, tafuta watu wasukume gari irudi tulikotoka. Siku ya kwanza katuita wapagazi. Leo katuacha tuje kuzama anatucheka kwenye simu, na sasa anatucheka machoni. Mwanangu hawezi kuoa kwa watu wanaotuona vichekesho."

"Mama Maganga, ni utani wao..."

"Utani una uso, baba. Mimi huyu uso wake siujui."

Nikageuka nyuma, nikamwona Nyemo. Ametoka ndani, amevunja desturi mbele ya shangazi zake wote, amesimama ukingoni pekupeku na hina mbichi mikononi, na amesikia kila kitu. Analia. Hakupiga kelele, hakunisema, machozi yanateremka na hawezi kuyafuta kwa sababu ya hina. Nikajiuliza, hivi kwenye ile simu yangu, katika visura vyote vile vya njano, kuna kinachofanana na hiki? Hakuna. Na kicheko changu kikafa pale pale, kama kimemwagiwa maji ya baridi.

Nikakunja suruali, nikaingia korongoni na viatu vya mwenyekiti. Nikaenda mpaka kwenye mlango wa Noah, nikapiga goti. (Kupiga goti kwenye maji ya magoti maana yake yanakufika kifuani, sikuwa nimelipigia hesabu hilo.)

"Mama Maganga, mbukwa."

Akanitazama. Salamu ya Kigogo anaijua, amekaa Kongwa miaka yote. Akaitikia kwa taabu, "Mbukwa."

"Nipe sanduku."

"La nini?"

"Nilisema mtakuja mmebeba mizigo kichwani. Nilisema vibaya. Mpagazi wa leo ni mimi. Mizigo yote, ya gari ya mbele na ya nyuma, inavuka juu ya kichwa changu hiki, na ikilowa hata uzi mmoja, ondokeni na mwanenu, sitawafuata."

"Cheka nione," akasema.

Nikajaribu. Wallahi nilijaribu, nilidhani ni amri. Haikutoka.

Akanipa sanduku.

Sasa ile video mnayoijua inaanzia hapo, kwa sababu mjomba wa Maganga, badala ya kusaidia, alipanda juu ya Noah akatoa simu. Hatua ya kumi hivi nikakanyaga shimo la wachimba mchanga. Lile shimo, ndugu zangu, lilikuwa na kina cha ghorofa mbili (mke wangu anasema lilikuwa la kawaida, lakini yeye hakuwemo ndani). Nikashuka kama ndoo kisimani. Maji shingoni, maji kidevuni, nikanyoosha mikono yote juu, sanduku juu, mimi chini, kiatu cha kushoto cha mwenyekiti kikabaki huko huko, nikatoka upande wa pili kama kiboko, mdomo umejaa tope, na sanduku kavu. Kavu! Mama Nyemo akalifungua pale pale ukingoni mbele ya ushahidi, akatoa blanketi, akalipitisha shavuni. Kavu.

Na nikasikia nyuma yangu mtu anacheka. Si mjomba, si Mzee Mihayo. Ni Mama Maganga. Ameshika mlango wa gari, kitenge kimelowa ncha, anacheka mpaka machozi yanamtoka, vile vile kabisa kama kile kisura.

"Rudi!" akaniita. "Mpagazi! Bado dumu la asali!"

Nilirudi mara tisa. Asali ya Tabora, mchele, kreti za soda, jiko la gesi, na mara ya mwisho koti la Mzee Mihayo peke yake, kwa sababu alisema na lenyewe ni mzigo. Nilipofika ukingoni safari ya tisa nilikuwa nahema kama mbwa wa mchungaji, koo limekauka, na Mama Maganga ameshavushwa na mke wangu wakishikana mikono, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ana chupa ya maji ya kunywa, baridi, inatoa jasho. Akaifungua. Akaninyooshea, kisha akairudisha kifuani.

"Omba."

Wagogo wote wa kitongoji kile, na wazee, na watoto, wananitazama mimi nimesimama na kiatu kimoja.

"Naomba maji, mama."

"Sijasikia."

"Naombaaa maji!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwatoa njiwa kwenye paa la kanisa. Posa ikapokelewa. Wanyamwezi wakakaa faragha wakarudi na faini, kwamba siku ya harusi sanduku la bibi harusi, kutoka kanisani mpaka ukumbini, nitabeba mimi kichwani, kwa miguu, katikati ya mji. Nililibeba. Nyemo alikuwa ndani ya gari la maua, kanipita taratibu, akateremsha kioo akaniambia, "Baba, shingo imekaa vizuri." Sitauza maneno hayo kwa chochote.

Lakini video. Kabla sijakauka ilikuwa Kongwa, jioni iko Majengo, muuza dagaa akaniambia ameiona kwa ndugu yake Mwanza. Na chini yake, kila mtu, watu nisiowajua, wameweka kile kisura changu. Vitatu vitatu.

Nimekiacha. Nawaambia mbele yenu, kidole hiki kikigusa tena kisura cha kucheka kikatwe, kitupwe korongoni kikae na kiatu. Siku hizi naandika maneno makavu. Juzi nilimwandikia mwenyekiti yale yale ya zamani, mbele ya kitongoji kizima, bila kitu chochote mwisho: "Mwenyekiti umeiba saruji." Mara hii hakuna aliyecheka. Muuguzi hakucheka. Watu wakaanza kuandika mmoja mmoja, "Na mimi naulizia", "Na mimi pia". Mwenyekiti alikaa kimya siku nzima, halafu akanijibu mimi pembeni, neno moja: "Kiatu?"

Nikamjibu: "Kifuate. Kiko chini ya daraja ulilotuahidi."

Shida imebaki moja, Mama Maganga. Nikimwandikia "Salama mama", anapiga simu hapo hapo, una nini, mbona hukucheka, umenuna? Kwa hiyo nikiwa na neno la kweli sasa siandiki. Nafunga safari mpaka Kongwa, nasimama mbele yake aone uso. Na kwa kuwa uso wangu wenyewe nao huwa unacheka nikiogopa, tumekubaliana asiutazame sana, atazame miguu. Nikija na viatu viwili, natania. Nikija na kimoja, ni kweli, waondoe watoto korongoni.